Uvimbe Usiofika Kwenye Hadubini

*Mimi ni daktari, nasomea patholojia mwaka wa pili katika chuo kimoja Nairobi. Nilizaliwa upande wa Mutomo na mama yangu ametoka Kibwezi, kwa hivyo Kitui na Makueni zote ni kwetu. Nataka tasnifu yangu iwe juu ya uvimbe wa mapafu katika kaunti hizi mbili. Msimamizi wangu alisoma ukurasa wa kwanza tu akaniambia, "Hutapata visa. Chukua umio au titi, umalize kwa wakati." Nilipekua daftari za maabara moja na kweli, vya mapafu vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Lakini kila nikienda nyumbani namkuta mjomba, fundi wa mawe, yuko kwenye dozi ya tatu ya TB, bado anakohoa na kukonda, na watu wamemzoea hivyo. Najiuliza wako wangapi kama yeye. Mama naye analalamika kwamba nimesoma miaka yote hii ili nije kushika maiti, na hataki majirani wajue. Nibadilishe mada? Nikibaki nayo, nianzie wapi, na ruhusa naomba wapi?*

*Rejista, Kitui*

Daktari mwanangu,

Mjomba kwanza, tasnifu baadaye. Mtu aliyemeza dawa za TB mara tatu na bado anakonda anahitaji tiba, si utafiti, na katika ukoo wenu wewe ndiwe unayejua maswali ya kuuliza. Omba kadi yake ya kliniki ya kifua uisome. Katika mara hizo tatu, vijidudu vya TB viliwahi kuonekana? Kama makohozi yalipimwa kwa GeneXpert na vijidudu vikapatikana, jambo la kwanza la kuchunguza ni TB sugu, na makohozi yaoteshwe maabarani. Kama havikuwahi kuonekana hata mara moja, na dawa zilianzishwa kwa sababu eksirei ilikuwa na doa, basi orodha ni ndefu: kovu la TB ya zamani, kuvu iliyoota ndani ya shimo la kovu hilo, vumbi la mawe lililokaa mapafuni kwa miaka, au uvimbe. Asiache dawa kwa neno lako wala langu. Aende hospitali ya rufaa ya kaunti na maelezo yaliyoandikwa, apigwe picha ya CT, na kama kuna maji kifuani yatolewe na yapelekwe maabara badala ya kumwagwa. Hakikisha amesajiliwa SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, na anachangia. Tangu Oktoba 2024 kadi ya NHIF haimfai kitu.

Sampuli yake ikitoka, usiisome wewe. Mpe mwenzako. Na faili yake isiingie kwenye utafiti wako, hata kama yeye ndiye aliyekuwashia moto huu.

Sasa msimamizi. Amesema kweli, ila hajasema yote. Duniani, saratani ya mapafu ndiyo inayoongoza: makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa karibu wagonjwa wapya milioni 2.5 na vifo milioni 1.8. Kenya katika mwaka huohuo ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000, na wanaojaa kwenye hesabu hiyo ni wa titi, mlango wa kizazi, tezi dume na umio. Mapafu yako chini. Sehemu ya sababu ni njema tu: watu wetu bado ni vijana kwa wastani, na wanawake wetu wengi hawavuti sigara. Sehemu nyingine huenda ni hiyo uliyoiona kwa mjomba.

Ila usiende Kitui ukiwa umeshaamua kwamba saratani za mapafu ziko tele na zimefichwa. Hilo hulijui, na mtafiti aliyekwisha kuamua hupata anachokitafuta. Inawezekana ni chache kweli. Inawezekana wengi wa wanaotibiwa TB bila vijidudu kuonekana wana TB, na daktari wao alikuwa sahihi. Kazi yako ni kuweka swali ambalo jibu lolote litakalotoka litakuwa na faida, na swali ulilomwandikia msimamizi halikuwa la namna hiyo. Uliuliza uvimbe wa mapafu uko wa aina ngapi na wa kiasi gani. Swali la aina linahitaji vipande vingi vya tishu, na vipande huna. Akakuambia huna. Mimi ningekuambia vivyo hivyo.

Geuza swali. Kaunti hizi mbili zilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya 2019. Mmoja wao anaanza kukohoa huko Ikutha au Kathonzweni. Anapewa antibiotiki kwenye zahanati, anarudi, anapewa tena. Anapelekwa kupima makohozi. Hayaonyeshi kitu. Anapigwa eksirei, kuna doa, anaanzishiwa dawa za TB. Baada ya miezi miwili anapaswa kupimwa tena. Hapo kuna njia mbili: moja inaendelea na vidonge mpaka miezi sita iishe, nyingine inakwenda kwenye CT, sindano, kichupa, maabara, na mwisho kwenye hadubini yako. Uliza hivi: kati ya waliotibiwa TB bila vijidudu kuonekana na wasipate nafuu, ni wangapi waliingia njia ya pili? Waliotolewa sampuli, ni ngapi zilifika maabara? Zilizofika, ngapi zilikuwa na seli za kutosha kusomwa? Zilizosomwa, majibu yalichukua muda gani? Na swali ambalo tasnifu nyingi za patholojia haziulizi kabisa: majibu hayo yalimfikia mgonjwa, au yako bado ndani ya faili?

Swali la namna hii haliuawi na uchache wa visa. Ukikuta kwamba katika miaka mitano sampuli za mapafu zilizofika ni chache mno, uchache huo ndio utakuwa matokeo yenyewe, mradi umeonyesha wengine waliishia wapi. Na data ya kuanzia ipo: Kenya imekuwa na mfumo wa kielektroniki wa wagonjwa wa TB, TIBU, tangu 2012. Mle utawaona waliotambuliwa kwa dalili na picha tu, na walivyomaliza: kupona, kufa, kupotea. Waliokufa wakiwa kwenye dawa uwasome taratibu, faili moja moja.

Msimamizi anaweza kukujibu kwamba hiyo ni kazi ya watu wa afya ya umma. Kwa hivyo mpe nusu ya pili, iliyo ya patholojia tupu: maji ya kifua. Kumfikia mtu mapafuni kwa kamera au kwa sindano inayoongozwa na CT ni jambo la hospitali kubwa. Kutoa maji yaliyojaa kando ya pafu kunaweza kufanyika hospitali ya kaunti, na hufanyika. Swali ni yanakwenda wapi yakishatoka. Mara nyingi kijichupa kimoja hupelekwa kupimwa protini na vijidudu, na yaliyobaki humwagwa. Maji hayohayo, mililita 50 au zaidi, yakizungushwa kwenye mashine mpaka seli zitue chini, bonge lile likawekwa kwenye fomalini na kugandishwa katika parafini kama kipande cha tishu, unapata bloku unayoweza kuikata, kuipaka rangi, na kuirudia mwaka ujao. Mashine ya kuzungusha ipo karibu kila maabara ya kaunti. Kama hakuna wa kuitumia jioni ile, maji yakae kwenye friji siku moja au mbili, si dirishani. Kitui si mahali pa kuacha maji ya mgonjwa dirishani.

Fundisha jambo hilo katika hospitali mbili au tatu, kisha linganisha maji yaliyosomwa kwa kupakwa tu kwenye slaidi na yaliyotengenezewa bloku. Hiyo ni tasnifu. Utakuta limfosaiti tupu katika maji mengi, na TB ndiyo itakuwa mshukiwa wako wa kwanza. Utakuta seli za utando wa kifua zilizochokozwa na ugonjwa mpaka zikajifanya saratani. Hizo zimewahi kumdanganya kila mwanapatholojia. Utakuta pia adenokasinoma. Na ukikuta uvimbe katika mtu mwenye TB iliyothibitishwa, usishtuke: pafu moja huweza kubeba yote mawili, na kuona dalili za TB kwenye kipande hakumalizi upekuzi.

Kuhusu fomalini nitasema kwa kirefu kidogo, kwa maana hapa ndipo sampuli nyingi hufia. Iwe asilimia 10 na iwe na bafa. Iwe nyingi, mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kipande kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72, ukitaka rangi za imunohistokemia zikujibu ukweli. Sasa fikiria kipande kilichotolewa Ijumaa Mutomo, kikatiwa kwenye chupa iliyokuwa na dawa nyingine, kikamngoja mwana wa mgonjwa apate nauli, akakibeba kwa matatu hadi Nairobi, kikafika Jumatano kisicho na jina la kiungo kilikotoka. Rejista anaandika "haitoshi kusomwa" na anaendelea na kichupa kinachofuata. Hakukosea. Lakini hakuna anayempigia simu daktari wa Mutomo. Katika utafiti wako weka safu ya sababu, na kila "haitoshi" ielezwe: fomalini haikuwepo, ilikuwepo kidogo, siku zilipita, au sindano haikugusa uvimbe. Nakuambia safu hiyo moja itasomwa zaidi na maafisa wa afya wa kaunti kuliko sura yako yote ya aina za uvimbe.

Na aina zenyewe? Ukipata kipande cha pafu kilicho kidogo kuliko punje ya wimbi, usikimalize. Kata slaidi za ziada siku hiyohiyo, kabla bloku haijaondolewa kwenye mashine. Rangi mbili, TTF-1 na p40, zitakutenganishia sehemu kubwa ya adenokasinoma na kasinoma ya seli bapa. Kinachobaki kitunze kwa ajili ya kupima jeni kama EGFR, ambayo tangu 2004 inajulikana kuongoza uchaguzi wa dawa, na ambayo mabadiliko yake huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara. Lakini kuna mtego wa kwetu hapa. Saratani ya umio ni nyingi nchini, ni ya seli bapa kwa kawaida, na hutembea hadi mapafuni. p40 itawaka kwa zote mbili. Hakuna rangi itakayokuambia kama uvimbe wa seli bapa umeanzia pafuni au umetoka umio. Swali hilo hujibiwa na mgonjwa mwenyewe: mzee, ugali unapita? Kwa hivyo fomu ya kuombea kipimo iwe na nafasi ya historia, na ikija tupu, piga simu.

Kuhusu anwani, kuwa mwangalifu zaidi ya unavyodhani. Mtu wa Makueni aliyeishi Pipeline au Mlolongo miaka ishirini akiugua hurudi nyumbani, naye ataandikwa Makueni ingawa moshi na vumbi alivyovuta ni vya huko mjini. Mama wa Mwingi anayelala kwa bintiye Nairobi ili apate matibabu ataandikwa Nairobi. Usitumie anwani ya daftari kana kwamba ndiyo mahali ugonjwa ulipoanzia. Uliza alikozaliwa, alikoishi muda mrefu, na alikofanya kazi. Kazi iandikwe kwa jina lake: kuvunja kokoto, kuchoma makaa, kupika shuleni, saruji ya Athi River, kuchonga vinyago. Vumbi la mawe lenye silika limethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu. Vumbi la mbao nalo limethibitishwa, ila kwa saratani ya ndani ya pua, kwa hivyo wachongaji wetu usiwaweke kapu moja na wavunja mawe. Moshi wa kuni jikoni umewekwa katika daraja la "huenda", si la "hakika". Ukiwaambia akina mama wa Mbooni kwamba mafiga matatu yamethibitishwa kuwaletea saratani ya mapafu, umesema zaidi ya sayansi. Waambie yanawaharibia pumzi, hilo halina ubishi.

Umenitajia uchache kana kwamba ni aibu. Mwaka 1961 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Uganda, Denis Burkitt, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari kuukuu kwa wiki kama kumi na kilomita takriban 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza swali moja: mmewahi kumwona mtoto mwenye uvimbe huu wa taya? Kabla ya hapo Burkitt alikuwa ametuma vikaratasi kwa posta. Ramani iliyotoka ilionyesha uvimbe ule unafuata joto na mvua, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli zake. Hadithi hiyo hupendwa kwa sababu ya gari. Mimi huwakumbusha rejista kwamba pasipo wanapatholojia Jack Davies na Gregory O'Conor pale Kampala, waliotambua kwa hadubini kwamba uvimbe ule ni limfoma, Burkitt angekuwa anahesabu vitu asivyovijua.

Na kwenu nyumbani mfano upo, wa kusikitisha. Mwaka 2004, watu wa Makueni, Kitui na majirani zao walianza kufika hospitali wakiwa na macho ya manjano. Waliougua walikuwa 317, waliokufa 125. Mahindi yalikutwa na aflatoksini hadi sehemu 4,400 kwa bilioni, wakati kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa 20. Homa ya ini ingeweza kulaumiwa mpaka leo kama hakuna mtu aliyeshuku, akahesabu, akachukua sampuli ya mahindi na ya mgonjwa. Kikohozi cha miaka miwili hakiji kwa kishindo namna hiyo, ndiyo maana kimezoeleka.

Kwa mama sina mengi. Wakenya wengi hulisikia neno mwanapatholojia kwenye taarifa ya habari tu, likifuatwa na neno upasuaji wa maiti. Mwaitu, yaani mama yako, hajakosea kwa alichoonyeshwa. Hoja zako za kitabu hazitamgeuza. Mwambie kwamba maji yakitolewa kifuani mwa kaka yake yatasomwa na mtu mwenye kazi kama yako, na kwamba daktari wa dawa hatajua aandike nini mpaka mtu huyo aseme. Na ukiitwa kuchunguza maiti, nenda bila kujificha. Aliyekufa akiwa kwenye dozi ya TB bila kujulikana kwa hakika alikuwa na nini ni mtu ambaye wanawe wana haki ya kujua, wakikubali.

Usibadilishe mada, basi. Badilisha kichwa chake, na mpelekee msimamizi ukurasa mmoja mpya wenye lile swali la njia na ile kazi ya bloku za maji ya kifua. Mwombe akuruhusu kueleza visa vichache kwa maneno badala ya kuvilazimisha kwenye hesabu za takwimu. Visa thelathini havina haja ya mlolongo wa vipimo vya kuonyesha uhusiano ambao haupo. Akikataa tena, muulize ni sehemu gani hasa anayoikataa, na umletee msimamizi wa pili kutoka upande wa kifua.

Ruhusa zifuate mpangilio huu: kamati ya maadili ya chuo chako kwanza, halafu leseni ya utafiti ya NACOSTI, ambayo haitatoka bila ile ya maadili, halafu barua za idara za afya za Kitui na Makueni, kila moja na yake, halafu hospitali. Majina ya wagonjwa yabaki hospitalini. Wewe beba namba, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Ukifikiria kupeleka bloku nje ya nchi kwa vipimo vya jeni, liandike tangu mwanzo, kwa maana kuliongeza baadaye kutakula miezi. Na kabla ya karatasi yoyote, nenda ukaonane na msimamizi wa TB wa kaunti na mkuu wa maabara, mjini Kitui na mjini Wote, uwaulize ni nini wao wangetaka kujua. Huenda wana daftari la maji ya kifua ambalo halijawahi kuombwa na mtu.